Jinsi ya kupiga picha ya Kituo cha Anga za Juu kikipita juu ya Mtwara na Lindi

Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu huizunguka dunia kila baada ya dakika 92 au 93, kikiwa juu yetu kama kilomita 400, na kwa kawaida ndani yake wanaishi watu saba. Shata ya kamera, yaani kilango kinachoingiza mwanga, ikikaa wazi sekunde kadhaa, kinaacha mstari mweupe angani, umenyooka kama uliochorwa kwa chaki. Lakini mstari mtupu ungeweza kupigwa popote duniani. Kinachoifanya picha iwe ya huku ni mbuyu wa Mikindani, ngalawa iliyotia nanga, mwamba wa Masasi. Kwa hiyo chagua kwanza ardhi utakayoiweka chini ya mstari, ndipo utafute siku.

Ratiba ipo kwenye tovuti ya Heavens-Above, na pia kwenye programu ya NASA iitwayo Spot the Station. Weka mahali ulipo: Mtwara ni nyuzi 10.3 kusini na 40.2 mashariki, Lindi ni 10.0 kusini na 39.7 mashariki. Hakikisha saa ni za Afrika Mashariki. Ukisahau hilo, huenda ukasoma saa za dunia (UTC) zilizo nyuma yetu kwa saa tatu, utoke saa kumi alasiri jua likiwaka, na kituo kipite saa moja usiku ukiwa umesharudi nyumbani. Soma saa ya kuanza, upande kinakotokea na kinakopotelea, na kimo chake cha juu kabisa, kinachohesabiwa kwa nyuzi kutoka upeo wa macho. Ngumi moja, mkono ukiwa umenyooshwa mbele, ni kama nyuzi 10. Kikipita chini ya nyuzi 30, pwani hapafai sana: kiko mbali, na mvuke wa bahari unakififisha. Kwenye namba za mng'ao, -3.5 inang'aa kuliko -1.5.

Hakionekani kila siku, na sababu yake inafaa kueleweka. Tunachokiona ni mwanga wa jua unaopiga kwenye kituo na paneli zake. Lazima sisi tuwe gizani wakati chenyewe bado kiko juani. Huku kwetu jua huzama karibu wima na giza huingia upesi, kwa hiyo nafasi ni kama saa moja hadi moja na nusu baada ya machweo, au kabla ya macheo. Kinaweza kuonekana siku kadhaa mfululizo kisha kikatoweka kwa wiki nzima au zaidi. Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo ya kutegemea. Wakati wa masika mawingu hukuharibia hesabu zote.

Wengi hukosea upande. Jioni kituo hutokea magharibi, kinapanda, halafu mara nyingi kinazimika upande wa mashariki kikiingia kwenye kivuli cha dunia. Ukiwa ufukweni umeielekea bahari utapata mkia tu. Kwa jioni, nenda penye uwazi wa magharibi, kama Newala pale Shimo la Mungu, bonde la Ruvuma likiwa chini yako. Alfajiri mambo hugeuka: kituo kinachomoza kutoka kivulini na kushukia mashariki, moja kwa moja kwenye bahari inayoanza kupambazuka. Kwa Msimbati, Mikindani au ghuba ya Lindi, alfajiri ndiyo picha.

Fika nusu saa kabla. Stendi ya kamera isisimame kwenye mchanga mbichi, kwani miguu inazama polepole na katika sekunde 20 kila nyota inakuwa kijistari kilichopinda. Weka vipande vya ubao au mawe bapa chini ya kila mguu, na uangalie maji yanajaa au yanakupwa, hasa siku za bamvua. Upepo wa kusi hutikisa stendi nyepesi: ning'iniza dumu la lita 5 lililojaa maji katikati yake, ligusane kidogo na ardhi lisije likabembea. Kamera iliyotoka kwenye chumba chenye kiyoyozi iache ndani ya begi kama dakika 20 ipate joto la nje, la sivyo lenzi itaingia ukungu. Chumvi ya bahari usiifute kavu. Puliza kwanza, kisha pitisha kitambaa laini chenye unyevu wa maji safi, maana chembe za mchanga zikisuguliwa zinakwaruza kioo.

Kwa kamera yenye lenzi ya milimita 18, fungua tundu la mwanga la lenzi hadi mwisho, kwa kawaida f/3.5. Anga ikiwa bado ina mwanga wa machweo, anza na ISO 200 (ISO ni kiasi kamera inavyohisi mwanga) na sekunde 10. Giza likikamilika, ISO 800 na sekunde 20 hadi 30. Piga ya majaribio dakika kumi kabla. Anga ikitoka nyeupe, shusha ISO. Zima ulengaji wa otomatiki, kuza nyota angavu kwenye kioo cha kamera, zungusha lenzi hadi nyota iwe nukta ndogo kabisa, kisha usiiguse tena. Zima pia kitu kinachoitwa upunguzaji wa chembechembe kwa picha ndefu (long exposure noise reduction). Kikiwashwa, baada ya picha ya sekunde 30 kamera hukaa sekunde nyingine 30 ikijisafisha, na kituo kinachopita utosini husogea karibu nyuzi moja kila sekunde. Utakosa nusu ya anga.

Weka kamera ipige mfululizo, uanze kabla kituo hakijaingia kwenye fremu, na usisimamishe kikianza kufifia. Pale kinapoingia kivulini mstari hugeuka kuwa wa rangi ya chungwa kabla ya kukatika, na hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Baadaye unganisha picha kwenye programu ya kompyuta kama StarStaX au GIMP, kwa hali inayochukua sehemu angavu zaidi ya kila picha.

Simu nayo inatosha, ila tumia hali ya Pro, inayokuruhusu kupanga mwenyewe: ISO 100 hadi 200, sekunde 10 hadi 30, ulengaji kwenye alama ya mlima, na saa ya kuhesabu sekunde 3 ili kidole kisitikise. Hali ya usiku ya kawaida ni mtego. Simu hupiga picha nyingi fupi, ikazipanga, na inaweza kukifuta kitu kinachotembea ikidhani ni dosari. Kama huna stendi, jaza mchanga kwenye kiroba kidogo na ulaze simu juu yake.

Ukifika nyumbani kuza picha. Mstari wenye nukta nyekundu zinazorudiarudia ni ndege. Mstari mmoja mtulivu, usiokatika isipokuwa kwenye viungo vya picha, na saa yake ikilingana na ratiba, ndio wenye watu saba ndani.