Siku ya wazazi shuleni: panga mapipa kabla ya viti

Mkiandaa siku ya wazazi katika shule ya msingi, msitawanye mapipa ya taka uwanja mzima. Yawekeni matatu pamoja: la mabaki ya chakula, la vitu vya kurejelezwa, na la taka nyingine. Pipa likiwa peke yake hutupiwa kila kitu. Kila kituo kiwe na wanafunzi wawili wa kuelekeza. Mtu mzima huona haya kumpuuza mtoto, na watoto huifurahia mno kazi hiyo. Vikombe vya karatasi visiwadanganye, vingi vina utando wa plastiki ndani na haviozi kwenye mboji. Waombeni wageni waje na vyao. Mabaki ya chakula yakishaingia kwenye shimo la mboji, yafunikeni kwa majani makavu mengi, yasinuke wala kuvuta nzi.