Kuvuta posti za blogu zitokee kwenye saiti nyingine bila plagini

Blogu iko kwake, saiti iko kwake, na unataka posti mpya ikitoka kule ionekane yenyewe na huku bila we kukopi na kupesti kila mara. Inawezekana, kodi yenyewe ni mistari michache tu ya PHP, lugha ya programu inayorani kwenye seva.

Kwanza tafuta fidi ya blogu, yaani anwani inayotoa orodha ya posti zake kwa mpangilio ambao programu inaweza kuusoma, karibu zote zinayo hata kama hujawahi kuiona. Kwa WordPress ongeza /feed/ mwisho wa anwani, Tumblr ni /rss, Blogger ni /feeds/posts/default?alt=rss, na hiyo alt=rss usiiache maana bila hiyo unapewa Atom ambayo imepangwa tofauti na kodi ya hapa chini haitaambulia kitu. Ukiifungua utaona XML, yaani ndani ya channel kuna item nyingi na kila item ni posti moja yenye title, link, pubDate na description. Hivyo ndo vinatutosha.

Sasa hapa wengi wanakimbilia fetch ya JavaScript, halafu konsoli inatoa maandishi mekundu ya CORS na wanakesha wakitafuta kosa ambalo halipo. Brauza hairuhusu ukurasa wa domeni moja kusoma data ya domeni nyingine mpaka seva ya kule itume heda ya Access-Control-Allow-Origin, na blogu nyingi haziitumi kwenye fidi zao. Utaambiwa utumie proksi za bure, yaani seva za watu wengine zinazokuvutia fidi, mi sizipendi kabisa, mwenye nayo akiizima unabaki na ukurasa mtupu, na akiamua kuchomekea vitu vyake katikati hutajua. Seva haina masharti hayo ya brauza, so mwachie seva kazi:

```php
<?php
$keshi = __DIR__ . '/fidi.xml';
if (!file_exists($keshi) || time() - filemtime($keshi) > 1800) {
  $c = stream_context_create(['http' => ['timeout' => 5]]);
  $mpya = @file_get_contents('https://example.com/feed/', false, $c);
  if ($mpya && @simplexml_load_string($mpya)) file_put_contents($keshi, $mpya);
}
$x = @simplexml_load_file($keshi);
$n = 0;
if ($x) foreach ($x->channel->item as $p) {
  if ($n++ == 5) break;
  echo '<li><a href="' . htmlspecialchars($p->link) . '">'
     . htmlspecialchars($p->title) . '</a> '
     . date('d/m/Y', strtotime($p->pubDate)) . '</li>';
}
?>
```

Weka anwani yako ya fidi, kisha ipesti ndani ya ul kwenye ukurasa wenye jina linaloishia na .php, ukiiweka kwenye .html haitarani.

Hiyo keshi, yaani nakala ya fidi inayotunzwa kwenye seva yako (fidi.xml), ndo roho ya mambo yote. Bila keshi kila mgeni akifungua saiti yako seva inakwenda kugonga hodi kwenye blogu, ukurasa unakuwa mzito na blogu ikizidiwa inaweza kukublok. Hapa inavuta upya zikipita sekunde 1800, yaani nusu saa, na blogu ikiwa chini wageni wanaona posti za zamani badala ya kuona uwazi. Ila folda lazima seva iruhusiwe kuandika ndani yake. htmlspecialchars nayo usiifute hata kama blogu ni ya kwako, siku ikiingiliwa mtu akaweka skripti kwenye kichwa cha posti itaishia kuonekana kama maandishi tu.

Ukitaka na maelezo kidogo, chukua description uipitishe kwenye strip_tags halafu ukate kwa mb_substr, herufi 150 zinatosha.

Kama hosti yako haina PHP na blogu iko Blogger, kuna njia ya pembeni: andika fankisheni ya JavaScript, tuseme inaitwa onesha, halafu chini yake weka tagi ya script ambayo src yake ni anwani ya blogu ikifuatiwa na /feeds/posts/default?alt=json-in-script&callback=onesha&max-results=5. Tagi ya script haibanwi na CORS. Posti zinakuja ndani ya feed.entry, kichwa kiko title.$t, na linki ni ile yenye rel ya alternate.

Isipotokea kitu kabisa kwenye PHP, futa alama za @ uone kosa lenyewe. Likitaja allow_url_fopen, yaani ruhusa ya file_get_contents kufungua anwani za nje, ujue hosti imeifunga, hapo vuta fidi kwa cURL, njia nyingine ya PHP ya kuvuta data, kodi iliyobaki haibadiliki.