Somo: Limuru hadi msitu wa Karura, Nairobi, na kurudi kwa baiskeli ya stima, bila kusukuma

Swali ni lile lile kila wiki: "Betri itanirudisha nyumbani?" Nimechoka kulijibu vipande vipande, kwa hiyo haya ndiyo majibu yote. Yangu ina mota kwenye gurudumu la nyuma na betri ya volti 36, ampea-saa 10. Zidisha: wati-saa 360. Hesabu zote hapa ni za betri hiyo.

1. Jaza upepo asubuhi ya safari.

2. Chaji usiku, chomoa ikijaa.

3. Beba tyubu, pampu na spana ya nati za gurudumu la nyuma. Zangu ni za 18. Gurudumu lenye mota halifunguki kwa mkono, na pancha ya nyuma bila spana hiyo inakurudisha kwa matatu.

4. Toka saa kumi na mbili na nusu. Tigoni kuna ukungu mzito kati ya mashamba ya chai, washa taa mbele na nyuma. Pita Banana, Ruaka, hadi lango la Karura upande wa Limuru Road. Waulize walinzi kama baiskeli ya stima inaruhusiwa siku hiyo. Ndani, makutano ya njia yana nambari, na watembea kwa miguu wapishwe kwanza.

5. Kurudi. Hapa ndipo nilipoharibu.

Limuru iko karibu mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, Karura karibu 1,700. Asubuhi unateremka, baiskeli inaruka, unajiona una stima ya kumwaga. Mara ya kwanza nilizunguka msitu mzima kwa msaada wa mota wa juu kabisa. Langoni kioo kilionyesha vijiti 3 vya betri kati ya 5, nikaona vinatosha. Nilipoukamata mlima wa Banana, 3 vikawa 1, kisha mota ikakata. Nilisukuma kilo 24 hadi Tigoni, mvua ikininyeshea, giza likiingia.

Fanyeni hesabu ambayo mimi sikufanya. Mwili na baiskeli pamoja ni kama kilo 100. Kuzipandisha mita 500 kunataka wati-saa 136, na kwa kuwa sehemu ya stima inapotea kama joto, betri itatoa karibu 195 ukiiachia mota kazi yote. Hiyo ni zaidi ya nusu ya betri kabla hujahesabu upepo na matope. Siku hizi sitoki Karura chini ya theluthi mbili za betri: volti 38 na nusu, baiskeli ikiwa imesimama.

Vijiti usiviamini. Soma volti.

Usipande polepole kwa gia nzito. Mota ya gurudumu ikizunguka taratibu chini ya mzigo huchemka. Weka gia nyepesi, miguu ifanye kazi. Na ikishakata, usiiwashe tena na tena kwa sababu volti "zimerudi". Unaziumiza seli.

MASWALI

Wa Ruaka: Yangu itaenda kilomita ngapi?

Jibu: Volti ngapi? Ampea-saa ngapi? Una kilo ngapi?

Wa Ruaka: Ni ile ya kawaida tu.

Jibu: Hakuna ya kawaida. Hesabu iko mwanzoni na hatua ya 5. Zidisha, urudi na nambari.

Mwalimu kutoka mji wa Kikuyu: Asante kwa somo. Kwa nini volti hushuka mlimani halafu hupanda ukipumzika? Zilikuwa zimeenda wapi?

Jibu: Mwalimu, swali hili limenifurahisha. Betri ina ukinzani ndani yake, yaani kitu kinachozuia stima kupita. Tuseme ni wa omu 0.2. Mota ikivuta ampea 15, volti 3 zinapotelea humo humo ndani, na kontrola (kifaa kinachoongoza mota) inaona betri imeisha ingawa bado ina kitu. Ukisimama, mvuto unaisha, volti zinarudi. Betri ikizeeka ukinzani unaongezeka, na baridi yetu ya Julai inauongeza pia. Andika volti zako ukiwa umesimama, kisha katikati ya mlima ule ule, kila mwezi. Pengo likipanuka, betri inazeeka. Daftari langu lina miaka miwili sasa, nitakupigia picha kurasa zake.

Wa Ndenderu: Naiosha na mashine ya presha pale wanapoosha magari, sawa?

Jibu: Hapana. Maji yanaingia kwenye mota na viungo vya nyaya. Kitambaa na ndoo.

Wa Ndenderu: Lakini wanaosha hata pikipiki.

Jibu: Umeuliza, nimejibu.

Dada wa Tigoni: Nikipita njia za vumbi za mashamba mvua ikiwa imenyesha, tairi zinateleza.

Jibu: Punguza upepo kidogo, ukifika lami ujaze tena. Na kagua pedi za breki. Udongo mwekundu unazila haraka, na kutoka kwetu ni mteremko mtupu.

Dada wa Tigoni: Nami niongeze moja. Natembea na chaja. Pale Banana kuna mama wa chai, namlipa stima yake, nakaa saa nzima.

Jibu: Vizuri sana, dada. Chaja ya ampea 2 kwa saa 1 inarudisha kama wati-saa 75, yaani karibu mita 200 za mlima. Ila betri ikiwa ya moto, kunywa chai kwanza, chomeka baadaye.