Kabla hujahamisha vitu, piga picha mita

Siku unayokabidhiwa funguo, kabla hata godoro halijaingia, piga picha mita ya umeme na ya maji, namba zisomeke vizuri, kisha mtumie mwenye nyumba hapo hapo. Deni la aliyehama lisije likawa lako. Halafu funga koki zote na uitazame mita ya maji dakika chache: ikiendelea kuzunguka, kuna mahali panavuja, na utakayelipia ni wewe.

Kwenye bajeti, chunga hasa vitu vya kupasha joto. Hita ya wati 2,000 ikiwaka saa moja inakula uniti 2. Balbu ya wati 10 hufikisha hizo kwa saa 200! Mwezi wa kwanza tenga pia hela ya kuunganishiwa huduma.