"Nirudishie nauli ya huyu, kashaolewa": namna ninavyotunza mawazo ya hadithi

Wazo la hadithi hupotea kwa njia mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua: limekujia mikono ikiwa na unga, ukasema nitaandika baadaye, na hiyo baadaye ikakukuta hukumbuki kitu. Ya pili ndiyo inayowamaliza wengi tunaoandika: wazo liliandikwa, daftari lipo, lakini mwezi ukipita ukilifungua unakuta "hadithi ya mama na binti". Mama yupi? Binti kafanya nini? Hapo hata ukijikuna kichwa mpaka asubuhi hupati jibu.

Mimi ni karani wa tiketi stendi ya Kange, Tanga. Usiku naandika hadithi za kuendelea na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp, sehemu kwa sehemu, anayetaka kujua kilichofuata analipia. Mtu akiwa safarini husema mbele ya dirisha mambo ambayo nyumbani kwake hayatamki, kwa hiyo mawazo hayanipungukii. Shida yangu ilikuwa kuyapata siku ninapoyahitaji, nyumba imelala na wasomaji wanauliza sehemu mpya iko wapi.

Andika kilichosemwa

Mama mmoja alikuja dirishani na tiketi aliyoikata jana yake. Akaisukuma chini ya kioo.

"Mwanangu, nirudishie nauli ya huyu, kashaolewa."

"Nani mama, huyu abiria?"

"Ndiye."

Hapo ningeweza kuandika "ndoa ya ghafla" na kuendelea na kazi. Lakini ndoa ya ghafla ni mada, na mada ziko tele, hazihitaji daftari. Nilichoandika nyuma ya karatasi ya oda ni hiki:

"Nirudishie nauli ya huyu, kashaolewa." Mama wa makamo, kanga ya rangi ya chungwa. Tiketi ya jana, basi la leo saa nane mchana. Hana furaha, hana hasira. Kahesabu hela mara mbili, kazifunga kwenye pindo. Je, huyo aliyeolewa, jana alikuwa anajua?

Utaona mpangilio. Kwanza maneno yenyewe, kama yalivyotoka mdomoni. Kama msemaji ni Mdigo au Msambaa na Kiswahili chake kina ladha ya kwao, iache ladha hiyo; ukimsanifisha hutamsikia tena ukisoma. Kisha kitu kimoja cha kuonekana kwa macho, hasa mikono, maana uso mtu huweza kuutengeneza lakini mikono humponyoka. Kisha saa na mahali. Mwisho swali.

Swali ndilo lenye kazi kubwa, nami nalipima kwa umbeya. Kama halikufanyi utamani kuvuka uwani kwenda kumuuliza jirani, bado hujalipata. "Je, ndoa za haraka zina madhara gani?" ni swali la semina. "Jana alikuwa anajua?" ni swali la uwani. Andika la uwani.

Tena usiandike mengi. Mistari mitano inatosha. Ukifika ukurasa mzima umeshaanza hadithi yenyewe, tena umeianza umesimama, foleni inakusubiri, na hamu yote unaimaliza hapo.

Pa kuandikia

Hapa sina mengi. Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, aliandika riwaya nzima kwenye karatasi za chooni, kwa hiyo usiniambie unasubiri daftari lenye jalada la ngozi. Mimi nina sehemu mbili tu: simu na kaunta buku. Kwenye simu najitumia ujumbe mwenyewe WhatsApp, unakaa mahali pamoja na tarehe yake. Karatasi ya oda inaruhusiwa mradi ifike nyumbani ndani ya pochi. Ukiwa na programu tatu za kuandikia, vijidaftari vitano na ujumbe uliouacha kwa shoga yako akutunzie, huna kumbukumbu, una msako.

Kurekodi sauti ni rahisi, lakini pale Kange wapiga debe hawanyamazi, na sauti haitafutiki kwa neno. Ukirekodi, iandike usiku uleule. Rekodi iliyolala wiki husikilizi tena. Naijua tabia hiyo kwa kila mwandishi ninayemfahamu.

Kaunta buku naiandalia hivi kabla ya kuandika chochote: kurasa zote nazipa namba kwa mkono, na kurasa za mwisho naziacha kwa faharasa. Kila ninaponakili jambo kutoka kwenye simu, nalipa jina, na jina hilo naliandika kwenye faharasa pamoja na ukurasa wake. Jina liwe lile neno linalopiga kelele zaidi. La yule mama linaitwa "Kashaolewa". Tarehe haikusaidii kutafuta, kwa sababu hakuna anayekumbuka hadithi kwa tarehe.

Panga kwa kinachokosekana

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu, na nitashikilia hapohapo. Wengi hupanga mawazo kwa mada: mapenzi, uchawi, siasa, ndugu wa kambo. Lakini ukikaa kuandika hujiulizi "nina nini kuhusu mapenzi?" Unakuwa na mtu na hujui afanye nini. Au una tukio zuri na huna wa kulibeba. Basi panga kwa upungufu huo.

Nunua karatasi ya manila, ikate vipande vya ukubwa wa kiganja. Kila wazo linaloonekana lina uhai, litoe kwenye kaunta buku uliandike kwenye kadi yake. Pembeni juu weka herufi: M kwa mtu, T kwa tukio, P kwa pahali, K kwa kauli. Chini kabisa andika "Inakosa" na utaje kinachokosekana. Kadi ya Kashaolewa ina K juu, na chini imeandikwa: Inakosa tukio. Kwa sababu, tukisema kweli, kauli ile ni tamu lakini ndoa imeshafungwa, hela imesharudi, mama kaondoka zake. Hakuna kinachoendelea.

Uzuri wa kadi ni kuhama. Vladimir Nabokov, mwandishi mzaliwa wa Urusi, aliandika riwaya zake kadhaa kwenye kadi, akianza na kipande chochote kinachomjia bila kufuata mpangilio wa sura, kisha akazipanga. Agatha Christie, Mwingereza wa riwaya za upelelezi, yeye alikuwa wa madaftari. Yamebaki 73, na ndani yake mpango wa mauaji unaweza kukaa jirani na orodha ya vitu vya kununua, na riwaya moja ikatawanyika kwenye madaftari kadhaa. Yeye alifanikiwa hivyohivyo. Mimi kichwa changu si cha Christie, na huenda chako pia, ndiyo maana nakupeleka kwenye manila.

Ijumaa usiku, watoto wakishalala, natandaza kadi kwenye mkeka. Nachukua moja iliyoandikwa "Inakosa tukio" na kuipitisha juu ya nyingine taratibu, nikisoma zote mbili kwa sauti. Nyingi hazisemezani. Usilazimishe, ipitishe tu. Usiku mmoja Kashaolewa ikasimama juu ya kadi yenye herufi P: chumba cha vifurushi, begi limefungwa kwa kitambaa chekundu, limefika na mwenyewe hajaja kulichukua.

Basi yakajipanga yenyewe. Begi la binti lilikuwa limeshapakiwa asubuhi, mama hakukumbuka, au hakutaka kukumbuka. Nauli imerudi, binti kabaki Tanga kwa mume, na begi lake liko njiani, limepita Muheza, limepita Segera, linakwenda stendi ya Magufuli kule Mbezi, Dar es Salaam. Kule kuna mtu anasubiri. Swali langu la kwanza likaondoka, likaja jipya: anayelisubiri begi ni nani, na ndani atakuta nini? Hiyo sasa ni hadithi, naweza kukaa nayo sehemu kumi.

Kadi zilizoungana nazibana kwa kibanio na kuziweka kwenye bahasha ya kaki yenye jina la hadithi. Zisizoungana zinarudi kwenye boksi. Kadi ikikaa muda mrefu si kosa lake, huenda mwenzake hajapita dirishani bado. Ninayoitoa ni ile inayonilazimu kujieleza mwenyewe kwa nini niliipenda.

Hadithi ikishaanza

Hadithi ya kuendelea inahitaji kumbukumbu ya aina nyingine, maana wasomaji wa kundi hawana huruma. "Dada, mjomba si ulimzika sehemu ya nne? Huyu anayekunywa chai ni nani?" Kila hadithi naitengea kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto majina, umri, na vitu: begi rangi gani, simu ya nani imevunjika kioo. Kulia nachora jedwali la nani anajua nini. Juu majina ya wahusika, ubavuni namba za sehemu. Binti anajua begi limeondoka kuanzia sehemu ya pili. Mume hajui mpaka ya saba. Bila jedwali hilo utamfanya mume akasirikie jambo ambalo bado hajaambiwa.

Chini ya jedwali naandika madeni: kila nililomwahidi msomaji na sijamlipa. Barua haijafunguliwa. Shangazi kasema "nitakuja kukueleza" na hajaja. Kabla ya kutuma sehemu mpya napitia madeni, nalipa moja, nakopa jingine.

Majina ya watu na usalama wa daftari

Orodha ya abiria siigusi kabisa. Majina na namba zilizomo ni amana ya kazi, hata jina liwe zuri namna gani. Mtu niliyemsikia namvua kazi yake, mji wake na umri wake, nabaki na kauli. Hata hapa, kanga ya yule mama haikuwa ya rangi ya chungwa.

Wapo wanaoogopa kumsimulia mtu wazo lisije likaibiwa. Sheria ya hakimiliki hailindi wazo tupu, inalinda namna ulivyoliandika, kwa hiyo kinga yako ni kuliandika mpaka mwisho.

Kinachonitisha zaidi ni mvua za masika na mtoto mwenye kikombe cha uji. Kila Ijumaa kabla ya kutandaza kadi, kurasa mpya za kaunta buku nazipiga picha na kujitumia kwa barua pepe, kichwa cha habari kikiwa namba za kurasa. Kadi sizipigi picha. Zote zimetoka daftarini, zikilowa naziandika upya, na katika kuandika upya hugundua zipo ambazo hata sihangaiki kuzitafuta.