Umeshika kambale usiyemjua? Fanya hivi kabla hujampa jina

Jamani, kila mvua zikianza kuna mtu ananitumia picha kwa WhatsApp, "kaka hii ni spishi mpya", na karibu kila mara ni male, yaani kambale wa kawaida tuliyemzoea, Clarias gariepinus, amepauka tu.

1. Kibali. Hapa Uganda utafiti unapitia UNCST (baraza la taifa la sayansi na teknolojia), na ukiingia hifadhini kama Rwenzori kuna UWA pia, mamlaka ya wanyamapori. Inachosha, lakini fanya.

2. Samaki akiwa bado mbichi piga picha ubavu wa kushoto maana rangi inapotea haraka, halafu kata kipande cha pezi la kifuani la kulia cha kupima DNA, tia kwenye ethanoli (spiriti) ya 95% kwenda juu. HAPO NDIO umtie formalini, dawa ya kuhifadhi mwili asioze, sehemu 1 ya formalini ya dukani kwa 9 za maji, vaa glavu, mwache wiki moja hivi kisha suuza umhamishie ethanoli ya 70%. Mimi mara ya kwanza nilitumbukiza ndoo nzima kwenye formalini kule Kasese, DNA nikaikumbuka niko juu ya bodaboda narudi! Formalini inaharibu vinasaba, safari ikaenda bure. Na lebo andika kwa penseli, wino wa biki unayeyuka.

3. Pima kwa kalipa, kutoka ncha ya pua hadi pale mifupa ya mkia inapoishia, pezi la mkia usilihesabu. Hesabu sharubu: Clarias ana jozi 4, Amphilius wale wadogo wa chini ya mawe wana 3. Vijino vya matamvua (vile vilivyojipanga ndani ya matamvua kama meno ya kitana) angalia sana, kwa male idadi inaongezeka anavyokua, mimi nilishangilia wiki nzima kumbe nimelinganisha mtoto na babu yake.

4. Sasa linganisha na vielelezo vya zamani, yaani samaki waliohifadhiwa makumbusho, hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Amphilius jacksonii alipewa jina na mtaalamu wa samaki Boulenger mwaka 1912, watu wakamwita hivyo kila mto, hadi 2015 walipokuja kupima upya kundi zima wakatoa spishi 5 mpya.

5. Kuandika: chagua holotaipu, yaani samaki mmoja atakayebeba jina la spishi, sema yuko makumbusho gani, eleza anatofautiana vipi na ndugu zake, na kama jarida ni la mtandaoni tu sajili ZooBank, daftari la mtandaoni la majina ya wanyama. Ukiipa spishi jina la mtu, la mwanamke linaishia -ae, la mwanamume -i. La kwako mwenyewe hujakatazwa, ila watakucheka mpaka Jinja.