Namna ya Kuandika Historia ya Divisheni ya Ligi ya Hoki: Mfano wa Kusini Mashariki ya NHL

Mwandishi aliyeko Dodoma, ambako barafu huonekana zaidi ndani ya jokofu la muuza soda kuliko mahali pengine popote, anaweza kuandika vizuri historia ya divisheni ya ligi ya hoki ya barafuni, mradi aanze na mipaka kabla ya mabao. Divisheni haina uwanja, haina mmiliki wala jezi. Ni mstari uliochorwa na ligi ili kupanga ratiba na msimamo, na mstari huo husogezwa kila ligi inapoona inafaa.

Kwanza msomaji aondolewe wasiwasi wa neno lenyewe. Kwetu mtu akisikia divisheni hufikiria matokeo ya kidato cha nne, au madaraja ya soka ambamo timu hupanda na kushuka. Katika NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, divisheni zote ziko ngazi moja, hakuna anayepanda wala kushuka daraja, na timu hupangwa humo hasa kwa jiografia. Aya moja ya maelezo hayo inatosha, lakini ikikosekana makala nzima itasomwa kombo.

Kisha andika orodha ya wanachama msimu kwa msimu kabla hujaandika sentensi yoyote ya simulizi. Divisheni ya Kusini Mashariki ilianza msimu wa 1998/99, timu ya Nashville ilipoingia kwenye ligi na divisheni zikaongezwa kutoka nne hadi sita. Timu zake za mwanzo zilikuwa nne: Washington Capitals, Tampa Bay Lightning na Florida Panthers, zilizotoka Divisheni ya Atlantiki, pamoja na Carolina Hurricanes, ambayo hadi 1997 ilikuwa ikicheza Hartford kwa jina la Whalers. Atlanta Thrashers ikaongezeka mwaka 1999 ikiwa timu mpya kabisa. Mwaka 2011 Thrashers iliuzwa na kuhamishiwa Winnipeg, katikati ya Kanada.

Hapo usipite haraka, maana ndipo historia hii inapoonyesha sura yake. Winnipeg Jets ilicheza misimu miwili ndani ya Kusini Mashariki, ikisafiri hadi Florida kwa mechi za divisheni yake. Ni kama timu ya Dodoma ihamie Bukoba, kisha ratiba iendelee kuihesabu Kanda ya Kati na kuirudisha Singida mara kwa mara. Sababu inaeleweka ukifuata tarehe: uhamisho ulitangazwa mwishoni mwa Mei 2011, na mpango wa kuzipanga upya timu zote, ambao wamiliki waliupitisha Desemba mwaka huo, ulikataliwa na chama cha wachezaji Januari 2012. Mwandishi anayeridhika kusema kwamba timu ilihama anaiacha nje sehemu tamu ya kisa.

Jambo la tatu ni majina, na hili huwanasa hata waandishi wazoefu. Hapa mkoani wilaya ya Chemba ilimegwa kutoka Kondoa mwaka 2012, kwa hiyo anayelinganisha takwimu za Kondoa za 2005 na za 2015 analinganisha maeneo mawili tofauti yenye jina moja. NHL nayo ina Kondoa yake. Divisheni ya Atlantiki ya kabla ya 2013 ilikuwa makazi ya New York Rangers na Philadelphia Flyers, ilhali Atlantiki ya leo ina Boston, Montreal na Toronto, timu zilizokuwa Divisheni ya Kaskazini Mashariki. Kila unapotaja jina la divisheni, liambatanishe na miaka yake.

Ukifika kwenye matokeo, hesabu mabingwa kwa mkono wako. Kusini Mashariki ilikuwa na misimu 14 iliyochezwa, si 15, kwa sababu msimu wa 2004/05 ulifutwa wote kutokana na mgogoro wa mishahara kati ya wamiliki na wachezaji. Washington iliongoza mara 7, Carolina 3, Tampa Bay 2, Atlanta na Florida mara moja moja. Pengo hilo la 2004/05 lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Tampa Bay ilitwaa Kombe la Stanley, yaani kombe la ubingwa wa NHL, mwaka 2004, Carolina ikalitwaa 2006, na kwa kuwa katikati hapakuchezwa kitu, hayo ni makombe mawili mfululizo, yote yakipatikana katika mchezo wa saba, wa mwisho, wa fainali dhidi ya timu za Kanada, Calgary kisha Edmonton. Divisheni hii ilidharauliwa sana kwa udhaifu, na sipingi kwamba baadhi ya misimu ilistahili, lakini anayeidharau aeleze pia jambo hilo.

Eleza na kanuni iliyoifaidisha. Wakati huo bingwa wa divisheni alihakikishiwa nafasi mojawapo ya tatu za juu za kanda yake (ligi imegawanywa kanda mbili, Mashariki na Magharibi) katika hatua ya mtoano, hata akiwa na alama chache. Mwaka 2012 Florida iliongoza Kusini Mashariki kwa alama 94 ikawekwa ya tatu Mashariki, huku Pittsburgh yenye alama 108 ikiwa ya nne. Mfano mmoja wa namna hii humweleza msomaji zaidi ya kurasa mbili za nadharia.

Mwisho funga mipaka kama ulivyoifungua. Mwaka 2013 divisheni ilivunjwa: Washington na Carolina zikaenda Divisheni ya Metropolitan, Tampa Bay na Florida zikaingia Atlantiki mpya, na Winnipeg ikapelekwa Divisheni ya Kati, karibu na kwao. Kombe la Washington la 2018, ya Tampa Bay ya 2020 na 2021, na la Florida la 2024 yote yaandikwe huko, hata kama mkono unawasha kuyarudisha Kusini Mashariki.